Karafuu tunazikausha, mbao je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme juu ya mbao mbichi zinazouzwa kwa jina la mbao kavu hapa kwetu Pemba. Najua si jambo la ukurasa wa mbele. Lakini mimi limenila bodi zima la gari na nusu gunia la karafuu, na limenifanya nikachekwa na watoto ambao mama zao niliwasomesha mimi.

Gari lenyewe ni Toyota Stout, pikapu ambayo watu wa umri wangu hawahitaji kuelezwa. Marehemu mume wangu aliinunua mkononi mwa mtu mwaka 1986, na toka hapo ikawa inabeba karafuu msimu ukiwapo, na chumvi msimu ukiwa haupo. Chumvi ndiyo iliyoimaliza. Injini inaitika na gia zinaingia, lakini bodi la nyuma lilikuwa la bati, na bati na chumvi hawakai nyumba moja. Alipofariki mwenyewe, 2019, sakafu ilishakuwa chandarua. Ukisimama nyuma unaiona njia inavyokimbia chini ya miguu yako. Wanangu wakaniambia niiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikakataa. Nikasema nitaitia bodi la mbao, mfano wa yale magari ya abiria tuliyokuwa tukipanda sote, yenye paa la mbao na mabenchi ya kutazamana.

Mwaka 2022 nikaenda kwa fundi mmoja, simtaji, naye akanipeleka kwa muuza mbao mmoja, wala huyo simtaji.

"Mvule huu mkavu, Mwalimu," akaniambia muuzaji, huku anaugonga ubao kwa vifundo vya vidole. "Umekaa hapa mwaka mzima unakungoja wewe."

Nikalipa bei ya mkavu, iliyozidi ya mbichi kwa shilingi 6,000 kila ubao. Fundi akaileta kazi uani kwangu, akatandika mataruma, yaani boriti za kukingama, juu ya chasisi, juu yake akalaza mbao nane za inchi nane, zimeshikana ubavu kwa ubavu hata wembe haupiti, akapigilia misumari ya inchi nne. Siku moja na nusu, kwisha. Mimi nilikuwa kibarazani natazama. Msumari mmoja ulipozama, pembeni mwa kichwa chake pakatoka tone la maji, likatulia pale linameta juani. Nililiona. Nimesomesha sayansi skuli ya sekondari miaka 31, nikaliona tone la maji likitoka katika ubao niliouziwa kuwa mkavu, nikainuka nikaenda kumtilia fundi chai.

Kaskazi ilipoanza kuvuma na jua likawa jua, zile mbao zikaanza kuachana. Kwanza ukawa uwazi wa kupita ukucha, halafu sarafu, halafu kidole changu cha mwisho. Ubao unaposinyaa msumari haunywei nao, kwa hiyo vichwa vya misumari vikachomoza kimoja kimoja, na kila gari lilipopita shimo vilizidi kupanda. Siku moja tunatoka Mtambwe kuja Wete na magunia manne ya karafuu kavu. Gunia la chini likawa linasuguliwa juu ya msumari njia nzima. Tulipofika mjini kijana wangu akashuka, akatazama nyuma, akanyamaza. Ulikuwa umechorwa mstari mwembamba wa karafuu toka tulikotoka, na nyuma ya mstari watoto wanaokota, kila mmoja na kopo lake, tena wamefurahi kweli. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, rudi na kesho!"

Hiyo ndiyo hasara. Sasa nieleze nilichokifanya baadaye, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Niling'oa kila kitu, nikaenda kwa muuzaji wa pili. Naye akaniambia mvule wake ni mkavu. Safari hii nikamwomba anikatie kipande cha futi moja katika ubao mmojawapo, nikaenda nacho nyumbani, nikakiweka juu ya mizani ya jikoni. Kilikuwa kilo 1 na gramu 372. Nikakiweka juu ya kabati, mahali hewa inapopita na jua halifiki, na kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri nikakishusha na kukipima, nikaandika katika daftari. Wiki ya kwanza kilipungua zaidi ya gramu 100. Wiki ya pili kilipungua tena, ya tatu tena, kila mara kidogo kuliko mara iliyopita. Wiki ya tisa kilikuwa gramu 1,010, na ya kumi 1,010, nayo ya kumi na moja haikubadilika. Pale ndipo ubao ulipopatana na hewa ya Wete. Mbao haikauki ikabaki bila unyevu kabisa, huwa inafuata hewa iliyoizunguka, na hewa yetu ya kisiwani si ya jangwani.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Gramu 362 za maji zilitoka katika kipande ambacho ukavu wake ni gramu 1,010. Kwa kila gramu 100 za mbao nilinunua takriban gramu 36 za maji, na maji hayo niliyalipia bei ya mvule mkavu. Kama ni maji, mfereji ninao uani.

Nilikipima na upana pia, kwa rula ya skuli yenye milimita. Kilikuwa milimita 203, kikawa 199. Urefu haukupungua hata kidogo, na ndivyo mbao ilivyo, husinyaa kwa upana na haisinyai kwa urefu kiasi cha kuonekana. Milimita nne si kitu, mtu atasema. Lakini bodi langu lina mbao nane. Nne mara nane ni 32, ndiyo inchi moja na robo. Zile nyufa zilizomwaga karafuu zangu zilikuwa zimeshaandikwa ndani ya mbao tangu siku ya kununua.

Kwa nini nimetaja karafuu mara zote hizi? Kwa sababu hapa Pemba hakuna asiyejua mbichi ni nini na kavu ni nini. Karafuu tunaichuma, tunaichambua, tunaianika juu ya jamvi siku nne, tano, sita kwa jua la kupendeza, na wingu likitanda tunakimbia kuianua kama tunaokoa mtoto. Kilo tatu za mbichi hurudi kama kilo moja ya kavu. Ukienda nayo kituo cha kuuzia karafuu ina unyevu, mpokeaji hakuulizi uliianika siku ngapi, anachota konzi, anaivunja moja kwa ukucha, anasikiliza inavyolia mkononi, basi ameshajua. Anakurudisha nyumbani na gunia lako, nawe huna la kusema maana unajua ana haki. Mkulima mwenye mikarafuu saba anahukumiwa hivyo. Mfanyabiashara mwenye ghala la mbao anagonga ubao kwa vifundo, anasema "mkavu", na sisi tunafungua pochi.

Sitaki nimwonee muuza mbao. Mvule na mninga vinatoka bara, vinavushwa kwa vyombo, vinashushwa bandarini vimeloa mvua na maji ya bahari, na fedha ya mtu imelala humo. Akiuanika ubao miezi minne kabla ya kuuza, ni miezi minne hajala. Nalielewa hilo. Basi auuze mbichi kwa bei ya mbichi, aniambie "Bibi, huu mbichi, kaukaushe mwenyewe." Nitamshukuru na nitanunua. Kinachoniuma ni zile shilingi 6,000 za juu ya kila ubao, kwa kazi ya kukausha ambayo hakuna aliyeifanya.

Muuzaji wa pili nilimrudia na daftari langu. Alicheka kwanza, kisha akalisoma, halafu akanipunguzia bei mpaka ya mbichi. Nikazichukua. Nilizipanga bandani, kila safu nimeweka vijiti vya unene mmoja katikati ili hewa ipite juu na chini, na vichwa vya mbao nikavipaka rangi nzito, maana kichwani ndiko ubao unakotoa maji upesi na ndiko unakopasuka. Zikakaa miezi mitano. Jirani zangu wakaniuliza kama najenga jahazi.

Hawakukosea sana, maana fundi niliyempata safari hii ni mzee wa kazi ya vyombo kutoka Tumbe. Mkono wake ni wa kutia vyombo mbavu na kupiga kalafati, yaani kuziba maungio yasivuje. Alipokuja akaziona mbao, akainamia moja akainusa, akasema, "Hizi sasa zinanuka mbao. Mbichi hunuka siki." Kwa hiyo pua nayo ni kipimo, nimeongeza katika daftari.

Tuligombana kwa siku moja. Yeye alitaka mbao zishikane, halafu azitie pamba na mafuta katika maungio, kazi safi ya jahazi. Nikamwambia, "Mzee, jahazi linataka maji yasiingie. Gari langu linataka maji yatoke." Mvua ya masika ikinyesha juu ya sakafu iliyozibwa, maji yanatuama, nayo mbao iliyokauka inapoyanywa inavimba, na kama haina nafasi ya kuvimbia inainuka katikati kama mgongo wa ng'ombe. Akanitazama, akaondoka bila kuaga. Asubuhi yake akarudi, akasema, "Mwalimu, nimelala nalo. Kweli, gari halielei."

Tukaacha uwazi kati ya ubao na ubao. Kipimo chetu kilikuwa msumari wa inchi nne, unaulaza katikati, unasogeza ubao mpaka uuguse, unauchomoa. Ndiyo kazi pekee iliyofanywa na misumari safari hii.

Namna ya kuzishika bila misumari nilielekezwa na mtoto wa kaka yangu aliyeko Maskati, ambaye kazi yake ni kufufua magari ya kale ya watu wenye fedha zao. Alinipigia simu usiku, "Shangazi, usitoboe ubao." Akanieleza kwamba pikapu za Chevrolet za Marekani za miaka ya 1940 na 1950 zilikuwa zikitoka kiwandani zina sakafu ya mbao, nami nikastaajabu, nilidhani bodi la mbao ni umasikini wetu. Mbao zao zimelazwa kwa urefu wa gari, na juu ya kila maungio umepita ukanda wa chuma toka mbele hadi nyuma. Bolti inapita katika ule ukanda, inashuka kwenye uwazi baina ya mbao mbili, inakaza kwenye taruma la chini. Ukanda unazibana mbao kingo zake zote mbili, na ubao wenyewe uko huru kuvimba masika na kusinyaa kaskazi bila kung'oa kitu. Tena mzigo unateleza juu ya chuma, ukivuta gunia halikwami.

Mzee wa Tumbe aliposikia hayo alikaa kimya muda, akasema waliobuni hivyo walikuwa wameumia kwanza. Tukanunua chuma bapa, tukakitoboa, tukatafuta bolti za kichwa cha mviringo zenye shingo ya mraba ili zisizunguke unapokaza. Uwazi ulikuwa mwembamba kuliko bolti, kwa hiyo kila inapopita bolti fundi alichonga nusu tundu katika ubao wa kulia na nusu katika wa kushoto, nusu zenyewe pana kidogo ili ubao upate kusogea. Chini washa na nati mbili, ya pili kuifunga ya kwanza, kwa sababu njia zetu zinafungua kila kisichofungwa mara mbili. Baina ya mataruma na chasisi tukalaza vipande vya tairi kuukuu, mbao na chuma visisuguane.

Katikati ya kazi msumeno ulilia vibaya, meno mawili yakaenda. Ndani ya ubao wa tano mlikuwa na jiwe, kubwa kama kokwa ya tende, jeupe. Mzee akaweka msumeno chini akasoma dua, maana mvule wazee hawaukati bila ya adabu, husema una wenyewe. Mimi najua kuwa mti huu huwa unajijengea chokaa ndani ya mwili wake na ndiyo hilo jiwe. Nikamwambia. Akajibu, "Na nani aliyeuambia ujijengee?" Nikanyamaza, tukaendelea.

Mafuta nayo yalikuwa na mjadala wake. Yeye alitaka sifa, mafuta ya papa, kama anavyopaka vyombo, na siwezi kukana kuwa yanalinda mbao. Lakini karafuu hushika harufu ya chochote, na sikuwa tayari kufika kituoni na gunia linalonuka papa. Kijana wangu naye akaja na dumu la oili chafu ya injini, nikamfukuza nalo. Tulipaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, kila ubao pande zote sita kabla haujafungwa, na vichwani mara tatu. Chini pia, khasa chini, kule ambako matope ya tairi yanarukia na hakuna anayekuja kupatazama.

Mwezi huu bodi limetimiza mwaka na masika moja nzito. Uwazi wakati wa masika ulipungua hadi karibu nusu, kaskazi ukarudi ulipokuwa. Nati nilizikaza mara moja tu. Kuna watu wananiambia ningeliweka bati tena yakaisha. Hao wakazitazame gari za chumvi.

Ombi langu ni moja, nalo halihitaji sheria mpya wala semina. Kuna kifaa kidogo cha mkononi chenye sindano mbili. Unazichoma katika ubao, kinapitisha umeme mdogo, na kwa kuwa mbao yenye maji hupitisha umeme vizuri kuliko iliyokauka, kinakusomea unyevu papo hapo. Taasisi ya Viwango Zanzibar, au yeyote ambaye kazi hii inamhusu, ipite nacho katika maghala ya mbao ya Wete, Chake Chake na Mkoani kama inavyopita na vipimo vyengine, na muuzaji aandike kwa chaki juu ya rundo: mbichi, au kavu. Vijana wanaosomea useremala kwenye kituo cha mafunzo ya amali Vitongoji nao wakifundishwa kupima kipande cha futi moja kwa mizani na daftari, watakuja kutufaa, kwa sababu kipimo hicho hakina gharama isipokuwa subira ya Jumamosi kumi.

Na jirani yangu mwenye gari la samaki ananunua mbao za bodi wiki ijayo. Ameambiwa ni kavu, zimekaa mwaka mzima zinamngoja yeye. Jana jioni nilimpelekea mizani.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba.